Hilo Jua Hufika Saa Ngapi?

Mwaka jana nilipata ujumbe kwa simu kutoka kwa msichana nisiyemjua. Alikuwa ameona jina la ukurasa wangu kwenye kona ya picha. Aliandika hivi: "Sasa brathe. Ni wewe ulipiga picha za ile bedsita ya Zimmerman? Nilihamia wiki mbili zimepita. Nauliza tu, hilo jua la kwa picha hufika saa ngapi? Nimelingoja asubuhi, nimelingoja jioni, sijaliona."

Hakuwa amekasirika, na hapo ndipo iliponiuma. Alidhani kuna saa, ni yeye tu hajaipata.

Wasee, hakukuwa na saa. Hilo jua lilikuwa langu. Ilikuwa flashi ya betri nne niliyoifunga kwa grili ya dirisha, nikaivalisha plastiki ya rangi ya chungwa, nikaacha mapazia yakiwa wazi kidogo ili ule mstari wa mwanga uangukie kitanda. Nikaangalia picha kwa kamera nikajisifu. Kumbe dirisha lenyewe linaangalia ukuta wa ploti jirani, karibu sana kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa.

Leo nataka kuongea kuhusu flashi. Sitaki kuzipinga, maana nazipenda na ndizo zinanilipia rent. Ninachosema ni kwamba flashi nyingi ndani ya chumba ni chombo cha kusema ukweli, na wengi wetu tunaopiga picha za keja tumezigeuza chombo cha kudanganya watu wanaotafuta pa kuishi.

Kwanza tuelewane kwa nini tunazitumia. Simama ndani ya sebule saa sita mchana uangalie dirishani. Macho yako yanaona miti ya nje, na yanaona kochi la ndani pia. Kamera haina huo uwezo. Ukiipima kwa ajili ya kochi, dirisha linakuwa shimo jeupe. Ukiipima kwa ajili ya dirisha, kochi linapotea gizani na nyumba nzuri inaonekana kama pango. Hiyo picha ya pango nayo ni uongo, kwa sababu ukiingia humo ndani hutaona pango.

Sasa unaweza kusema, basi washa flashi moja iliyo juu ya kamera. Jaribu uone. Mwanga hupungua haraka sana ukienda mbali: kitu kilicho mita 2 kutoka kwa flashi kinapata robo ya mwanga unaofika kwa kitu kilicho mita 1, na kilicho mita 4 kinapata sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hivyo meza ya mbele inaungua, ukuta wa nyuma unabaki mweusi, na kila kitu kinavaa kivuli kikali mgongoni. Ni ile picha ya harusi ya mjomba wako miaka ya tisini.

Ndiyo maana tunatoa flashi kwa kamera na kuzitawanya. Mimi hufanya hivi. Kamera iko kwa tripodi. Kwanza napima dirisha peke yake, hadi vitu vya nje vionekane. Kisha flashi ya kwanza inakaa nyuma yangu ikiangalia kona ya ukuta na dari, ili mwanga ugonge hapo urudi ukiwa mpana na laini. Ya pili inaingia jikoni au kwenye kona inayomezwa na giza. Ya tatu iko nyuma ya mlango wa bafu, kwa nguvu kidogo tu, ili ijulikane kuna chumba kingine huko. Zote zinaitika kwa triga moja ya redio.

Na hapa kuna siri tamu. Flashi huwaka kwa muda mfupi sana kuliko shata inavyokaa wazi. Kwa hivyo ukibadilisha mwendo wa shata, unaongeza au kupunguza mwanga wa dirisha na wa balbu, lakini ule wa flashi haubadiliki. Ukibadilisha nguvu ya flashi, ndani kunabadilika na nje kunabaki vile vile. Ni kama una bomba mbili za maji, moja ya nje na moja ya ndani. Usipitishe tu kasi ya 1/200 au 1/250 kwa kamera nyingi, la sivyo utapata ukanda mweusi kwenye picha. Na chunga rangi: balbu ya manjano na flashi haziongei lugha moja. Flashi iko karibu na mwanga wa mchana, ile balbu iko karibu na moto wa makaa. Zima balbu, au ivalishe flashi plastiki ya rangi inayofanana nayo.

Ukijua hivyo, chumba kinatoka kwa picha vile macho yanavyokiona. Huo ndio uzuri wa hii kazi.

Tatizo ni kwamba bomba ya ndani haina kizuizi. Hakuna kinachokuzuia kuifungua zaidi ya ukweli. Chumba kisicho na jua unaweza kukipa jua. Na mwenye ploti akiona, anakulipa na kukuitia wenzake wawili.

Nilienda kumwona yule msichana. Niliona kama ni deni. Ni fundi wa nguo, anashona vitenge na sare za shule. Alikuwa ameweka cherehani chini ya dirisha, mahali haswa ambapo jua langu lilianguka. Aliniambia alichagua hiyo keja na kuacha nyingine ya bei hiyo hiyo kwa sababu ya dirisha, ashone mchana bila kuwasha taa. Sasa alikuwa anawasha kuanzia asubuhi, na tokeni za stima alizozoea kununua mara moja kwa mwezi alikuwa akinunua mara mbili. Uzi mweusi kwa kitambaa cheusi alikuwa anaenda kushonea koridoni, hadi keateka akamwambia anaziba njia.

Nilitoa kamera nikapima chumba bila flashi, mchana kweupe. Kwa ISO 1600 na f/8, kamera iliomba nusu sekunde. Nikashuka nje penye jua nikapima tena kwa mpangilio ule ule: sehemu moja ya elfu nane ya sekunde. Hiyo ni tofauti ya mara elfu nne. Hicho ndicho nilichokuwa nimekificha kwa kipande cha plastiki ya chungwa.

Nilimwomba mwenye ploti aondoe ile picha. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kijana, si ulilipwa?" Nilikuwa nimelipwa. Msichana alihama mwezi wa tatu, na dipoziti yake ikakatwa pesa za kupaka rangi.

Kuna mtu nilisoma habari zake baada ya hapo, na bado simtoi akilini. Anaitwa Jacob Riis. Alizaliwa Denmark mwaka 1849, akahamia Marekani, akawa mwandishi wa habari za polisi jijini New York. Wakati huo maskini wa jiji, wengi wao wahamiaji, walikuwa wamebanwa kwenye majengo ya kupanga yenye vyumba visivyo na dirisha hata moja. Riis aliandika kuhusu vyumba hivyo na watu hawakujali. Ilipofika 1887 akasikia kuhusu unga wa magnesiamu unaowaka ghafla na kutoa mwanga mkali, ambao ni kama babu wa flashi zetu. Akaanza kuingia nao kwenye vyumba hivyo. Unga wenyewe ulikuwa hatari. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuwasha moto nyumba, na siku nyingine akajiwasha mwenyewe. Wala hakuwa malaika, maana mara nyingine aliwavamia watu usiku wakiwa usingizini bila kuwaomba ruhusa. Lakini picha zake zilifanya watu waone. Mwaka 1890 alizitoa kwa kitabu, How the Other Half Lives. Mwaka 1901 jimbo la New York likapitisha sheria iliyodai majengo mapya ya kupanga yawe na madirisha yanayofungukia nje. Sheria hiyo haikuletwa na yeye peke yake, lakini picha zake zilikuwa sehemu ya kelele iliyoileta.

Fikiria hilo kidogo. Flashi iliingia vyumba vya kupanga ili giza lionekane. Sisi leo tunaiingiza humo humo ili giza lisionekane. Na giza bado liko. Pita Pipeline saa saba mchana uone ni vyumba vingapi vya chini vina taa inayowaka.

Najua majibu yenu, nimeshayapata kwa ukurasa. Wa kwanza anasema: "Si matangazo yote hupambwa? Hata burger ya kwa bango si ile unauziwa." Ni sawa, lakini burger utaila dakika kumi na kesho uende kwingine. Keja umelipa rent ya mwezi na dipoziti, umebeba kitanda kwa mkokoteni, umeaga majirani wa zamani. Huwezi kuirudisha kwa kaunta.

Wa pili anasema: "Basi tumia simu, bila flashi, iwe ukweli mtupu." Ningetamani iwe rahisi hivyo. Simu za siku hizi zenyewe huunganisha picha kadhaa na kungarisha giza bila kukuuliza, na ile lenzi pana huvuta bedsita hadi ikafanana na ukumbi. Kuacha flashi hakukufanyi mkweli. Ukweli uko kwa swali unalojiuliza kabla ya kubonyeza: je, mtu akiingia hapa ataona hivi?

Wa tatu ndiye hunifanya ninyamaze kidogo. Anasema: "Mimi nina njaa. Nikikataa, mwenye ploti ataita mwingine." Ndugu yangu, ni kweli. Mimi pia nina rent. Ila nimegundua kuna kazi nyingi kabla ya kufika kwa uongo. Panga chumba, fungua pazia, osha kioo cha dirisha, ngoja saa ambayo mwanga ni mzuri zaidi, jaza vivuli kwa flashi hadi kila kona isomeke. Hapo bado hujaongeza kitu ambacho hakipo, na picha tayari imeipiku ya simu kwa mbali. Wateja wawili nimewapoteza tangu nianze kukataa kutengeneza jua. Wengine wamebaki.

Kwa hivyo sheria zangu sasa ni tatu, na nawaambia wateja kabla ya kupokea pesa. Flashi zangu zinajaza vivuli. Hazitengenezi dirisha wala jua. Kila chumba kinapata picha moja bila flashi na bila taa, na hiyo inakaa pamoja na zingine. Na chini ya kila picha naandika saa niliyoipiga na upande ambao dirisha linaangalia.

Na wewe unayetafuta keja, jifunze kusoma picha. Angalia miguu ya stuli: ikiwa na vivuli viwili vinavyoenda pande tofauti, kuna taa mbili ambazo hujaonyeshwa. Angalia skrini ya TV, tailsi na mlango wa friji. Kidoa cheupe chenye kung'aa mara nyingi ni flashi inakuchungulia. Angalia kama jua la kitandani linaweza kweli kutoka kwa dirisha unaloliona, na kama nje ya hilo dirisha kuna kitu chochote au ni weupe mtupu tu. Kisha uliza maswali mawili kabla ya kutuma hata shilingi kwa M-Pesa: dirisha linaangalia nini, na naweza kuja saa sita mchana stima ikiwa imezimwa?

Ile picha niliiondoa kwa ukurasa wangu. Mahali pake nimeweka ile niliyopiga siku nilipomtembelea, bila flashi, kwa ruhusa yake. Ni picha mbaya, ya kijivu, cherehani haionekani vizuri. Kama bado unaniuliza jua hufika hapo saa ngapi, hiyo ndiyo jibu nililopaswa kumpa tangu mwanzo.