Chupa Ndani ya Debe la Mchele



Nimerudi kisiwani juzi kutoka Mabogini, Moshi. Si kule mlimani kwenye migomba, ni chini uwandani, kwenye mashamba ya mpunga na mifereji, jirani na miwa ya TPC. Jua lake jamani, mtu hujihisi yuko kwao. Wifi yangu kaolewa huko, na jirani yake, mama wa watoto watatu, alinionesha chupa yake ya dawa kinga. Kaifukia kwenye debe la mchele, na ndani katia pamba ili vidonge visicheze vikasikika.

Mumewe ana VVU. Anaijua ile chupa, na ndiye aliyemsindikiza kwenda kuichukua. Wanaofichwa ni sisi: mawifi, majirani, wenzake wa kikoba. Tukiiona tutasema mawili, ama keshaambukizwa, ama anatoka nje.

Basi leo nagombana na nyinyi.

Mnasema hii ni dawa ya wazinzi. Hebu niambieni, ilijaribiwa kwa nani? Kenya na Uganda ilijaribiwa kwa wenza zaidi ya 4,700, mmoja ana virusi mwengine hana, na karibu wote walikuwa watu wa ndoa. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionesha kidonge chenye dawa mbili kimepunguza maambukizi kwa asilimia 75. Hao ni mke na mume, kitanda kimoja. Zinaa iko wapi hapo?

Mwengine ataniambia mume akimeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mkewe. Kweli kabisa. Lakini mume huyu kaanza dawa juzi, na kufika huko huchukua miezi. Miezi hiyo mke afanye nini, asubiri bahati?

Na aibu inaua, si maneno tu. Utafiti mwengine wa vidonge hivi kwa wanawake, ukiwamo wa Bondo kule Kenya, ulisitishwa 2011 kwa kuwa haukuonesha kinga. Damu zilipopimwa, chini ya nusu ya waliopewa walikuwa na dawa mwilini. Kidonge kilichobaki kwenye chupa hakimkingi mtu. Huyu wa Mabogini akija mgeni jikoni, siku hiyo hali kidonge. Kaniambia mwenyewe.

Wanaoumia ni sisi zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa asilimia 5.6 ya wanawake wa miaka 15 na zaidi, na asilimia 3.0 ya wanaume. Kisha mapema 2025 Marekani ilipobana misaada, dawa kinga ya fedha zake ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nani alipiga kelele? Anayeificha kwenye mchele hawezi kuidai mbele za watu.

Sisemi kila mtu akimbilie vidonge. Unapimwa kwanza, lazima uwe huna virusi. Unameza kila siku, na unarudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Havizuii mimba wala kisonono. Sasa ipo na sindano ya mara mbili kwa mwaka, lenacapavir. Ilipojaribiwa Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 waliochomwa hakuambukizwa hata mmoja, majibu yakatoka 2024. Sindano haina chupa ya kuficha. Lakini tukiwa na midomo hii hii, tutaulizana nani kaonekana kwenye foleni.

Tunasoma kwenye darsa kuwa kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Nafsi ya mke haimo?

Alhamisi nalileta suala hili mbele ya ustadhati. Anayetaka kunipinga aje, tena akae mbele, ila lile neno la wazinzi aliache mlangoni na viatu vyake.