Paka rangi diski za breki, lakini ujue unapaka wapi

Leo tuweke pembeni kidogo mbolea na viwavi tuzungumzie pikapu yako, maana mazao hayajipeleki sokoni yenyewe. Vijana wengi ninaowatembelea wameshanunua gari la kazi, na karibu wote wameniuliza swali hili: "Bwana shamba, hizi diski za breki mbona zina kutu hivi? Gari yangu nimeiosha inang'aa, ila ukichungulia kwenye rimu ni aibu tupu. Nizipake rangi?"

Zamani nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawaambia hiyo ni mbwembwe ya vijana wa mjini, mkulima ahangaike na shamba lake. Siku hizi nimebadilika. Msimamo wangu ni huu: zipake. Lakini ukipaka pasipotakiwa, ni heri ungeiacha na kutu yake.

Tuanze na hiyo kutu inatoka wapi. Diski nyingi za breki hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni chuma kizuri kwa kuvumilia joto na msuguano, ila kikipata maji tu, kinapata kutu. Ndiyo maana ukilaza gari kwenye mvua, asubuhi unakuta diski imekuwa ya rangi ya chungwa. Hiyo isikutishe. Ukikanyaga breki mara chache barabarani, pedi zinaikwangua na sehemu inayosuguliwa inarudi kung'aa.

Kutu inayokaa ni ile ya sehemu ambazo pedi hazifiki. Kwanza ni kofia ya diski, yaani sehemu ya katikati iliyotokeza ambako nati za tairi zinafungwa. Pili ni ukingo wa nje. Hapo kutu inajijenga msimu hadi msimu, inavimba, inabanduka magamba. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanalijua vizuri tatizo hili kwa sababu wakati wa baridi barabara zao humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chuma.

Sasa usiseme "sisi hatuna barafu". Mkulima una chumvi zako. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Mfuko wa CAN au SA ukipasuka kwenye bodi, punje zinamwagika, zinakutana na unyevu, maji yake yanatiririka hadi chini ya gari. Samadi mbichi na mkojo wa ng'ombe nao ni hivyo hivyo. Gari la mkulima linakula kutu kuliko la mwalimu wa mjini, hata kama yote mawili yalinunuliwa siku moja.

Sasa niwape kisa kilichonikuta mwenyewe. Kuna kijana mmoja, mkulima hodari wa karoti na kabichi kule Lushoto, aliamua kupendezesha gari lake. Alinunua kopo la rangi ya fedha ya kupuliza, akapuliza diski za mbele kupitia kwenye matundu ya rimu, tairi zikiwa zimefungwa. Kazi ya dakika kumi. Ilipendeza kweli! Usiku akapakia kabichi, alfajiri tukaondoka pamoja kuteremka kuelekea Mombo. Mnaoijua ile barabara mnajua, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, kona juu ya kona.

Kabla hatujafika Soni akaniambia, "Mzee, breki leo ngumu kama nakanyaga jiwe." Harufu ya rangi inayoungua ikajaa ndani ya gari. Breki zilikuwa zinashika, lakini kidogo na kwa kuchelewa. Alipunguza gia hadi namba moja, akavuta breki ya mkono taratibu, tukaenda kusimama kwenye tuta la udongo upande wa mlima. Hakuna aliyeumia. Fundi alipofungua tairi, alikuta rangi imeyeyuka ikaganda juu ya pedi kama utomvu. Pedi zilikuwa mpya, na zote zikatupwa.

Mimi sikumlaumu sana. Nilijilaumu mwenyewe, kwa sababu aliwahi kuniuliza kuhusu hiyo rangi na mimi nikacheka badala ya kumfundisha. Ndiyo maana leo naandika.

Kwa hiyo sikiliza, inafanyika hivi. Egesha gari sehemu tambarare, weka kigingi kwenye tairi zinazobaki chini, inua kwa jeki kisha weka stendi. Usitegemee jeki peke yake. Toa tairi. Kwangua kutu ya kwenye kofia na ukingo kwa brashi ya waya, malizia na msasa, futa vumbi, kisha safisha kwa dawa ya kusafishia breki ili mafuta yote yatoke. Vaa kitu puani, na usilipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa.

Baada ya hapo funika uso wote unaosuguliwa na pedi, mbele na nyuma, kwa gundi ya karatasi na gazeti. Funika pia pedi, kalipa na zile boliti za tairi. Tumia rangi ya kustahimili joto kali, ile ya kupaka injini au kalipa. Diski ikibanwa sana kwenye mteremko inaweza kupita nyuzi joto 300, kwa hiyo rangi ya mafuta ya kupakia madirisha itaungua tu. Pulizia mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba, ukiacha ikauke katikati.

Kuna sehemu ambayo hata mafundi wengine wanakosea. Pale kofia ya diski inapogusana na rimu, na upande wa nyuma inapokaa kwenye habu, usiweke tabaka nene la rangi. Rangi ikibanwa inasagika, nati zinalegea. Sehemu hizo zisugue zibaki chuma safi na bapa. Pia usizibe yale matundu ya hewa ya kwenye ukingo, ndiyo yanayopoza diski.

Ukimaliza toa karatasi zote, funga nati kwa mtindo wa kuvuka, siyo kwa kuzunguka. Kabla ya kupakia mzigo, tembea taratibu hapo hapo uwanjani ukikanyaga breki mara kadhaa mpaka uone zinashika. Ukishatembea kilomita hamsini hivi, kaza tena nati.

Najua wapo wanaosema, "Yote hayo kwa ajili ya urembo?" Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Ili upake rangi vizuri ni lazima utoe tairi. Ukitoa tairi utaona pedi imebaki unene gani, bomba la breki limepasuka au la, diski ina mikwaruzo mirefu au ufa. Utaona pia unene wa chini unaoruhusiwa, mara nyingi umegongwa kwenye diski yenyewe. Ni mkulima gani kati yenu hufungua tairi kutazama breki gari likiwa zima? Mnasubiri mpaka lilie. Kwangu mimi rangi ni kisingizio kizuri cha kukagua. Ila diski iliyokwisha ni ya kubadilisha, usiipake rangi ukamuuzia mwenzako.

Na tahadhari moja kwa wenye trekta. Tumezoea msimu ukiisha tunapaka oili au grisi kwenye sahani za plau zisipate kutu. Hiyo ni sahihi kabisa. Tabia hiyo ibaki kwenye plau, isihamie kwenye breki. Tone la oili kwenye diski ya breki ni hatari kuliko kutu ya mwaka mzima.

Kwa siku za kawaida fanya mambo mawili. Ukitoka kubeba mbolea au samadi, osha gari hadi chini kwa maji safi, kisha litembeze kidogo ukikanyaga breki ili diski zikauke kabla ya kuegesha. Na kama litalala siku nyingi kipindi cha mvua, egesha tambarare, weka gia na vigingi, uache breki ya mkono, maana pedi huweza kugandana na chuma.

Yule kijana wa Lushoto bado analima, na bado anapenda gari lipendeze. Diski zake sasa zina kofia nyeusi safi na uso unaong'aa. Kila akizipaka upya ananipigia simu: "Mzee, nimeshatoa tairi, njoo uone pedi." Nami huwa naenda.