Moyo wa Mini Ulitoka Brazil: Swali la Kuwauliza Wakata Utepe

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya tume na daftari la wapiga kura. Tuongelee chuma.

Kila tukihoji hizi karakana za kuunganisha magari zinazozinduliwa kwa mbwembwe, vijana wa upande wa pili wana jibu moja: "Nyie wapinzani hamna jema, mnaanza kwa kubeza." Hivi karibuni wamepata jibu jipya, na nakiri lina akili kidogo. Wanasema hata gari dogo la Waingereza, ile Mini ya kujivunia bendera, halikuwa na injini ya Uingereza. Kama wakubwa wanakopa injini kwa watu, sisi kuleta makontena ya vipande na kufunga bolti kuna ubaya gani?

Nashukuru wameleta mfano huo, maana wamegusa eneo langu. Mimi nauza spea Gerezani. Biashara hii haikuruhusu kuamini nembo. Mteja akija na Mini, simuulizi gari ni la nchi gani. Namuuliza ni la mwaka gani, kwa sababu nikikosea mwaka nitampa spea ya injini nyingine kabisa, iliyojengwa bara jingine. Basi tuufungue huo mfano wao mpaka ndani.

Mini mpya ilianza kutoka kiwandani Oxford mwaka 2001. Ilikuwa na sura ya Kiingereza, na wateja wengi waliweka bendera ya Uingereza juu ya paa. Mwenye kampuni alikuwa BMW, Mjerumani aliyeinunua Rover mwaka 1994, akaiuza mwaka 2000 kwa pauni 10 (ndiyo, kumi), akabaki na Mini. Injini nayo? Ilijengwa Campo Largo, mji wa jimbo la Paraná kusini mwa Brazil, karibu na Curitiba. Kiwanda hicho kiliitwa Tritec. Kilikuwa cha ubia wa nusu kwa nusu, ulioanzishwa mwaka 1997 kati ya Chrysler ya Marekani na Rover, wakati huo ikiwa chini ya BMW. Uzalishaji ulianza mwaka 1999, injini za lita 1.4 na 1.6. Zilipanda meli, zikavuka Atlantiki, zikafungwa Oxford. Ile Cooper S yenye supachaja, ambayo vijana wa mjini wanaisifia kwa mlio wake, moyo wake ni wa Campo Largo.

Kuna kichekesho ndani yake. Mwaka 1998 Daimler, wenye Mercedes, waliungana na Chrysler. Kwa hiyo BMW ikajikuta imelala kitanda kimoja na hasimu wake mkubwa, wote wawili wakimiliki kiwanda kimoja cha injini huko Brazil. Ubia ndivyo ulivyo: unasaini na mtu, kesho unaamka na mtu mwingine.

Ndiyo, Mini ya Kiingereza ilikuwa na injini ya Brazil. Wenzetu wamesema kweli mpaka hapo. Walichoacha ni yaliyofuata, na hayo ndiyo yanayotuhusu.

Hapohapo Campo Largo Chrysler ilikuwa na kiwanda cha pili, cha kuunganisha pikapu za Dodge Dakota. Kilizinduliwa mwaka 1998. Serikali ya jimbo, chini ya gavana Jaime Lerner, ilikuwa inawabembeleza watengenezaji magari kwa vivutio vya kila namna, na Renault na Volkswagen nao walivutwa Paraná miaka hiyohiyo. Utepe ulikatwa, picha zikapigwa. Mwaka 2001 kiwanda cha Dakota kikafungwa. Hakikumaliza hata miaka mitatu.

Jamani, soma tena hapo. Ni mji mmoja, na mwekezaji mmoja alikuwa na mkono kote kuwili. Kiwanda cha kufunga vipande kilikunjwa kama mkeka, cha injini kikabaki. Ilikuwa hivyo kwa sababu kuunganisha vipande vya makontena kunahitaji banda, vinyanyuo, bisibisi za upepo na watu waliofunzwa kwa miezi. Ukichoka unafunga banda unaondoka. Kiwanda cha injini kina mashine za kukereza bloku na silinda hedi kwa vipimo vya sehemu ndogo kabisa za milimita, kina vyumba vya kupimia, kina mafundi ambao huwezi kuwapata kwa tangazo la wiki moja. Huyo hafungwi kirahisi. Ana thamani hata kwa mtu asiyeijua nembo yako.

Na thamani hiyo ilionekana. BMW tayari mwaka 2002 ilikuwa imesaini na Peugeot Citroën kuunda injini nyingine ya pamoja. Wajerumani walishika usanifu, Wafaransa wakashika manunuzi na mipango ya uzalishaji. Kuanzia mwaka 2006 injini hiyo ikaanza kuingia kwenye Mini, ikiunganishwa Hams Hall, karibu na Birmingham, huku za magari ya Peugeot na Citroën zikiunganishwa Douvrin, kaskazini mwa Ufaransa. Hukohuko Douvrin ndiko sehemu kubwa za chuma zilikokuwa zikikerezwa. Yaani hata pale Waingereza waliposema "sasa injini ni ya nyumbani", nusu ya jibu ilikuwa Ufaransa.

Campo Largo ikapoteza mteja wake mkuu. Wafanyakazi hawakuwa wamekosea kitu. Injini ilikuwa inafanya kazi. Uamuzi ulifanyika Munich, mbali na wao, kwenye meza ambayo hawakuwa na kiti.

Ndipo akaja Mchina. Mwaka 2006 kampuni ya Lifan ya Chongqing, iliyoanza na pikipiki tangu mwaka 1992, ilitaka kununua Tritec yote. Lakini haikutaka kwenda kutengeneza injini Brazil. Mpango ulikuwa kung'oa kiwanda chote, mashine baada ya mashine, kukipakia melini na kukisimika upya Chongqing. Magazeti makubwa ya dunia yaliandika habari hiyo kwa mshangao. Mimi haikunishangaza. Lifan ilijua kitu ambacho mawaziri wetu wa viwanda wanajifanya hawakijui: gari unaweza kulichora upya, bodi unaweza kuiiga, lakini uwezo wa kutengeneza injini nzuri unachukua miaka, na ukiweza kuununua mzima, nunua.

Mpango haukutimia. Mwaka 2008 Fiat ikakinunua kiwanda na kukiacha palepale. Wahandisi wakaichukua injini ileile, wakaitengeneza upya kwa lita 1.6 na 1.8, wakaipa jina E.torQ, na mwaka 2010 ikaingia sokoni. Ikafungwa kwenye magari ya Fiat ya Brazil, baadaye kwenye Jeep Renegade ya kule Pernambuco, mpaka kwenye Fiat 500X ya Italia. Injini iliyoanza kama moyo wa gari la Kiingereza ikaishia kuupa nguvu mtaa wa Kiitaliano. Watu wa Campo Largo wakaendelea na kazi. Wenzao wa Dakota walikuwa wameshasahaulika.

Sasa, "ubaya uko wapi?" Wenzetu wanaposema Oxford nayo ilikuwa inafunga tu injini ya watu, wanadanganya kwa kuficha. Oxford inachomelea bodi na kupaka rangi, na mabati ya bodi yanakandamizwa Swindon. Siyo banda la bisibisi. Na bado, pamoja na uzito wote huo, Februari 2009 wafanyakazi 850 wa mkataba wa wakala pale Oxford waliambiwa kazi imekwisha, kwa taarifa ya takriban saa moja. Kama mfanyakazi wa Oxford, nchi yenye vyama vya wafanyakazi vyenye historia ndefu, anaondolewa hivyo, kijana wa Kibaha anayefunga vioo kwenye gari lililokuja na bodi yake, injini yake na rangi yake atalindwa na nani?

Na msinisingizie kwamba nasema kuunganisha ni dhambi. Brazil nayo ilianza hivyohivyo. Ford ilianza kuunganisha Model T São Paulo mwaka 1919, General Motors ikafuata mwaka 1925. Lakini hesabu: kuanzia mwaka 1919 hadi 1956 ni miaka 37. Miaka yote hiyo makontena (enzi hizo makasha ya mbao) yaliendelea kuja, bolti zikafungwa, na hakuna kiwanda cha injini kilichoota chenyewe kwa kusubiri. Kilichobadilisha ni sheria. Mwaka 1956 serikali ya Juscelino Kubitschek iliunda kamati ya utendaji ya sekta ya magari, GEIA, ikawawekea wawekezaji masharti mezani: ikifika 1960, lori liwe limetengenezwa nchini kwa asilimia 90 ya uzito wake, gari dogo asilimia 95. Hutaki, hupati fedha za kigeni za kuagizia. Baadhi wakanuna, wengine wakaingia. Hapo ndipo viwanda vya kusubu chuma, vya pistoni, vya gia, vikashamiri. Bila hayo, mwaka 1997 hakuna mtu angewaza kujenga Tritec Paraná.

Kubitschek naye hakumaliza kazi, tuseme ukweli. Chuma kilibaki Brazil, lakini umiliki na michoro vilibaki kwa wageni, ndiyo maana hatima ya Campo Largo ikawa inajadiliwa Munich na kuviziwa Chongqing. Hilo ni somo lao la pili na sisi hatujafika hata kwenye la kwanza.

Kwetu tumeimbiwa "Tanzania ya viwanda" tangu 2015. Tuna Nyumbu pale Kibaha, shirika la jeshi lililowahi kujaribu lori letu wenyewe. Tuna kiwanda cha mashine Kilimanjaro, pale Hai, chini ya NDC, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimelala. Hivi ndivyo vitu vinavyofanana na Campo Largo, maana injini inaanza kwenye tanuri na mashine ya kukereza, haianzi kwenye banda la kufunga matairi. Lakini havina utepe mpya wa kukata, kwa hiyo havipati kamera. Kamera zinaenda kwenye gari lililoshuka bandarini vipande vipande na kusamehewa kodi, likatoka upande wa pili wa banda likiwa "la kwetu".

Hata dunia haitakubali hilo jina. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, mkataba wao wa biashara haukuuliza gari lina bendera gani juu ya paa. Unahesabu thamani: kwa magari ya kawaida, vitu vya kutoka nje ya pande hizo mbili visizidi asilimia 45, la sivyo unalipa ushuru. Forodha wana tabia kama yetu Gerezani, hawasomi nembo.

Kwa hiyo makamanda, hoja yetu isiwe kubeza. Tuache zile katuni za bisibisi mnazorusha kwenye magrupu, zinachekesha lakini hazimbani mtu. Tudai vitu vinavyobana. Msamaha wa kodi wa mwekezaji uwekwe wazi: shilingi ngapi, kwa miaka mingapi. Mkataba wake useme asilimia gani ya gari itatengenezwa nchini na ifikapo mwaka gani, kama Brazil ya 1956 ilivyosema, na useme atalipa nini asipofika. Uonyeshe michoro ni ya nani, na mashine zikitaka kupakiwa melini kurudi zilikotoka, nani ana haki ya kuzizuia. Mwekezaji wa kweli hatakimbia maswali haya. Wa Dakota ndiye atakimbia, na huyo afadhali akimbie kabla hajapewa ardhi.

Wabunge wachache tulionao waanze na hilo la misamaha, kwa sababu linajibika kwa karatasi moja tu. Ninyi mlioko kwenye kata, waziri akija kuzindua, ombeni maikrofoni muulize bloku ya injini ya gari hili imekerezwa wapi. Akisema hilo ni swali la kitaalamu, mwambieni Gerezani tunalijibu kila siku kabla hatujamuuzia mtu pampu ya maji.