Tusiionee Haya Bada Yetu



Wapendwa, mwana wa Lushoto aendaye kusoma Ulaya hashindwi upesi na baridi, kwani ile ya Usambara amekwisha kuizoea. Kimshindacho ni sahani. Chakula cha kwao hakipo. Ndipo Mghana mwenzake chuoni humkaribisha fufu: muhogo uliochemshwa na kutwangwa pamoja na ndizi, huliwa kwa mkono na mchuzi wa bamia uteleza­o kama mlenda. Amegapo tonge la kwanza hutambua kwamba huyu ni ndugu yake bada.

La kusikitisha ni kwamba bada hiyo nyumbani wengi huiita chakula cha njaa, wakaificha wageni wanapobisha hodi. Wenzetu wa Afrika Magharibi hawaoni haya. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza ujuzi wa kutengeneza attiéké, chakula cha Kodivaa cha muhogo uliokunwa na kuchachushwa, katika orodha ya urithi wa binadamu. Muhogo ni uleule, ulioletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika. Kilichotofautiana ni heshima.

Waisraeli jangwani walililia matango na vitunguu vya Misri (Hes 11:5), chakula cha utumwani. Sisi twadharau hata cha nyumbani mwetu!

Basi wazazi, wafundisheni watoto, wa kike kwa wa kiume, kusonga bada na kupika kisamvu kabla hawajasafiri. Aliyekaribishwa fufu naye awe na cha kumkaribishia mwenzake.

Nawatakia Dominika njema.