Kabla ya kulipa, tazama kivuli

Leo nina neno kuhusu zile picha za majumba ambayo bado hayajajengwa, zinazobandikwa kwenye mabango hapa Nairobi. Barabara ni ya kweli, miti ni ya kweli, lakini jengo limechorwa kwa tarakilishi na kupachikwa katikati. Na watu hulipa arbuni kwa kuitazama picha hiyo!

Picha ya namna hii ikionekana bandia, wengi hulaumu jengo lenyewe. Eti liongezewe maua, madirisha, magari... Mimi nakataa. Mara nyingi tatizo ni mwanga. Jicho haliwezi kuhesabu matofali, lakini kivuli kilichokosea hulisumbua hata kama mwenyewe hujui ni kwa nini.

Paul Debevec alieleza jambo hili vizuri mwaka 1998. Mahali ambapo kitu bandia kitakaa, unaweka mpira unaong'aa kama kioo, unaupiga picha kadhaa, nyingine za giza, nyingine za mwanga mwingi, kisha unaziunganisha. Sasa una kipimo cha mwanga unaotoka kila upande, na ndio unaomulika kitu chako.

Hatua ninayoipenda zaidi kama mwanaprogramu ni ya mwisho, maana ni hesabu ya kutoa tu. Unaiga ardhi ya pale kwenye tarakilishi, unaichora mara mbili: ikiwa na kitu, na bila kitu. Toa ya pili kutoka kwa ya kwanza, kisha jumlisha tofauti kwenye picha halisi. Pasipo na athari ni sifuri, picha inabaki ilivyo. Penye kivuli ni hasi, ardhi inaingia giza. Hata ukiikosea rangi ya ardhi kidogo, sehemu kubwa ya kosa hilo hujifuta. Ujanja mtupu!

Na bei si kisingizio. Blender ni ya bure.

Sasa, Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, vivuli vinaelekea kusini. Desemba ni kinyume. Machi na Septemba hufika karibu utosini, na kivuli cha ghorofa kinakaribia kutoweka. Kwa hiyo kile kivuli kirefu cha kupendeza kwenye bango ni cha asubuhi au jioni, saa iliyochaguliwa na mchoraji. Je, saa nyingine sebule yako inapata jua? Ghorofa la jirani linafunika mahali pa kuanika nguo?

Mchoraji anaweza kujibu. Jengo lote analo kwenye tarakilishi, kubadilisha saa ni kuandika namba nyingine. Ndiyo maana naona kila anayeuza nyumba kwa picha aandike juu yake tarehe na saa ya jua, tena aonyeshe Juni na Desemba. Yale maandishi madogo kwamba "picha ni ya kuonyesha tu" hayanitoshi. Pesa inayolipwa si ya kuonyesha.

Kama unayo picha ya namna hiyo nyumbani, anza kwa kumuuliza muuzaji kaskazini ni upande gani.