Babu hakwenda Shadow Realm

Mliosikiliza kipindi cha wiki jana mtakumbuka tulivyobishana kuhusu Yu-Gi-Oh!, mpaka mwenzangu akasema toleo la Kiingereza tulilokua nalo huku Uingereza lilifanya vizuri kuficha vifo. "Watoto wale bwana, waacheni wawe watoto." Sikumjibu pale pale. Namjibu hapa.

Kwa asiyejua: ni manga ya Kazuki Takahashi, ilianza kutoka Japani mwaka 1996. Mwanzoni ilikuwa na michezo ya kila aina, halafu ule wa kadi ukapendwa hadi ukaimeza hadithi nzima, na kadi zenyewe zikaanza kuuzwa. Kijana Yugi anaishi na roho ya Farao wa Misri ndani yake. Anime ya mwaka 2000 ilipofika Marekani ikapigwa mkasi. Bastola zikafutwa, wakabaki watu wazima wamenyoosheana vidole, na mwenye kunyooshewa anatetemeka kweli kweli! Kuna pambano moja ambapo misumeno inasogelea miguu ya wachezaji. Sisi tulioneshwa visahani vya nguvu za giza, vikikugusa unapelekwa Shadow Realm. Waliotakiwa kufa wakawa wanapelekwa huko.

Bastola sizililii. Ni hiyo Shadow Realm.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka tisa. Babu mzaa mama alikuwa Tanga, na kila Jumapili tulimpigia kwa zile kadi za simu za kukwangua. Jumapili moja hatukupiga. "Babu kasafiri," mama akasema. Wapi? Mbali. Macho mekundu, eti vitunguu.

Mimi nikaelewa kwa akili yangu ya katuni: aliyepelekwa mbali anarudishwa ukishinda. Nikawa nacheza na kaka yangu huku nimeweka nadhiri kimoyomoyo, nikishinda babu anarudi. Nilishinda sana. Hakurudi, nikaona basi nacheza vibaya. Siku ya Idi binamu yangu akaniambia kwenye simu, "tangu tumzike babu", kama mtu anayetaja mvua.

Simlaumu mama. Makaratasi yake hayakuwa tayari, hakuweza kwenda kumzika baba yake, na nadhani aliyekuwa akifichwa zaidi ni yeye mwenyewe. Lakini mwenzangu, mtoto ukimnyima habari hakai mtupu. Anajitungia yake, na ndani yake anajipa kosa.

Ukubwani nikaisoma manga mpaka mwisho, ule wa mwaka 2004. Yugi lazima amshinde Farao ili roho yake iende zake. Farao anatoa Monster Reborn, kadi ya kufufua, na Yugi alishaificha kadi hiyo hiyo kwenye sanduku la dhahabu, kwa hiyo ya Farao haifanyi kazi. Aliyekufa harudi. Anashinda, anapiga magoti, analia. Hata mkasi wa Marekani haukuweza kumzuia Farao asiingie ule mlango. Hadithi nzima ilikuwa inaelekea kwenye kuagana, na sisi tukaambiwa watoto hawawezi kuagana.

Sasa mama ndiye mgonjwa. Mwanangu ana miaka minane na fungu lake la kadi. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo ikapitishwa mtoto asiambiwe kitu, mjomba akasema, "Mwambie bibi anapumzika." Nikamheshimu mjomba kwa siku mbili. Ya tatu nikamkalisha mtoto nikamwambia bibi hatapona.

Alinyamaza. Kisha akauliza kama anaweza kwenda na kadi zake.

Anakwenda kila Jumamosi. Bibi hajui sheria hata moja, anaweka mezani joka lolote analoliona kubwa, mjukuu anamsahihisha kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Wanaongea mambo ambayo mimi sikai kuyasikiliza. Mjomba bado hapokei simu zangu.

Jumamosi iliyopita bibi alishinda. Mtoto anasema hakumwachia.