UCHAMBUZI: Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria na safari ya chembe kutoka kwenye mafuta hadi kwenye maji

Katika zahanati za Kibondo na Kasulu, uamuzi wa kumpa au kutompa mtoto mwenye homa dawa mseto ya malaria hutegemea mstari mmoja mwekundu. Tone la damu huchukuliwa kidoleni na kuwekwa kwenye kitendanishi, matone machache ya kimiminika maalumu huongezwa, na baada ya robo saa hivi majibu husomwa kwa macho. Wananchi wengi wamekwisha kuuzoea utaratibu huo. Kisichofahamika sana ni kwamba wekundu wa mstari ule si wa damu wala wa wino. Katika vitendanishi vingi vinavyotumika, ni rangi ya chembe za dhahabu zilizo ndogo mno, zenye kipenyo cha makumi machache ya nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa Mkoa wa Kigoma. Utafiti wa Viashiria vya Malaria wa mwaka 2017 ulionesha kuwa takribani mtoto mmoja kati ya wanne mkoani humo, miongoni mwa waliopimwa wakiwa na umri wa chini ya miaka mitano, alikuwa na vimelea vya ugonjwa huo, ilhali wastani wa Taifa ulikuwa takribani asilimia 7. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kuwa kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tangu hapo kitendanishi hicho kidogo kimekuwa nguzo ya huduma katika vijiji ambako hadubini na mtaalamu wa maabara viko mbali.

Chembe za dhahabu zina bahati moja: huzaliwa majini. Njia ya kuzitengeneza kwa kuchemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati ndani ya maji imejulikana kwa undani tangu utafiti wa John Turkevich na wenzake mwaka 1951. Kila chembe hubeba chaji hasi, nazo chaji zinazofanana husukumana, hivyo chembe hazigandamani. Hata hivyo, uimara huo una mpaka. Chumvi ya kawaida ikitiwa kwenye mchanganyiko huo, msukumano hudhoofika, chembe hushikana, na rangi nyekundu hugeuka kuwa ya zambarau au bluu kabla ya mashapo kutuama chini. Kwa kuwa damu ya binadamu ina chumvi, chembe isiyovalishwa kinga ya kutosha haiwezi kufanya kazi ndani yake. Ndiyo maana watengenezaji huzifunika chembe hizo kwa protini, zikiwemo kingamwili zinazonasa alama ya kimelea.

Pamoja na mafanikio hayo, vitendanishi vya sasa vina kikomo. Mtu mwenye vimelea vichache sana katika damu anaweza kupata jibu la kutokuwa na malaria ingawa anayo. Kwa sababu hiyo watafiti duniani wanatafuta chembe zinazotoa ishara yenye nguvu zaidi kuliko dhahabu: zile zinazong'aa zikimulikwa, na zile za oksidi ya chuma zinazovutwa na sumaku. Utafiti wa chembe zinazong'aa uliwapatia Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Chembe bora za aina hizo kwa kawaida huzaliwa kwenye mafuta. Ili zitoke zikiwa na ukubwa unaolingana, hupikwa katika vimiminika vya jamii ya mafuta kwa joto linaloweza kufikia nyuzi 300 za Selsiasi, ambalo maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayawezi kulihimili katika chombo cha kawaida. Zikitoka humo huwa zimevaa koti la asidi oleiki, mafuta yanayokataa maji. Ukizimimina majini hushikana papo hapo na kuwa uchafu usio na faida. Damu, mate na mkojo ni vimiminika vya maji. Chembe isiyoweza kuhama kutoka kwenye mafuta na kukaa imara majini itabaki kuwa fahari ya maabara, isimfikie mgonjwa.

Njia za kuihamisha ni tatu kuu. Ya kwanza ni kuivua chembe koti la mafuta na kuivalisha jingine linalopenda maji. Chembe hubaki ndogo, lakini koti jipya likiwa legelege huvuka baada ya siku chache na chembe hugandamana. Ya pili ni kuliacha koti la zamani na kulifunika kwa molekuli zenye tabia mbili, mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Mikia hujipenyeza ndani ya koti, vichwa hutazama nje, na chembe huelea majini kwa muda mrefu, ingawa huwa nene zaidi. Ya tatu ni kuizungushia gamba la silika, madini ya jamii ya mchanga na kioo.

Njia ya pili si ngeni kwa mkazi wa Kigoma. Mkoa huu unajulikana kwa michikichi, na sabuni ya mawese hutengenezwa na wajasiriamali wengi. Molekuli ya sabuni nayo ina mkia na kichwa cha namna hiyo, ndiyo maana huyabeba mafuta ya sufuriani yakaondoka na maji. Zaidi ya hayo, asidi oleiki inayotumika kuzivalisha chembe nano ni takribani asilimia 40 ya asidi za mafuta zilizomo katika mawese. Hilo halina maana kwamba mawese ya dukani yanafaa kwa maabara, kwa sababu usafishaji wake ni kazi kubwa inayohitaji mitambo na wataalamu. Linaonesha, hata hivyo, kwamba malighafi ya sayansi hii haiko mbali na mazingira ya Watanzania.

Utaalamu nao umeanza kuonekana nchini. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio la maji linalotumia mchanga na teknolojia ya nano.

Uvutano wa mafuta na maji unaonekana pia katika tiba. Lumefantrini, mojawapo ya viambata viwili vya dawa mseto ya ALu, huyeyuka kwa shida katika maji, na mwili huifyonza vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kwa mzazi wa Kasulu, kumpa mtoto dawa hiyo bila chakula ni kupunguza nguvu yake.

Kwa maoni ya uchambuzi huu, teknolojia mpya ya vipimo itakapotangazwa, haitoshi kuuliza kama ina uwezo wa kuona vimelea vichache. Swali zito zaidi ni kama chembe zake zitakaa imara katika kimiminika chenye chumvi, kwa miezi mingi, baada ya kusafirishwa na kuhifadhiwa katika joto la chumba kisicho na jokofu. Kipimo kinachofanya vizuri Dar es Salaam kisha kikadhoofika kabla ya kufika Kibondo kitampa mama jibu la uongo, na mtoto atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Jukumu la kuhakikisha ubora wa vifaa hivyo nchini ni la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na vigezo vya uimara vinastahili kupewa uzito sawa na vile vya usahihi.

Wakati vipimo hivyo vikisubiriwa, vilivyopo vinahitaji matumizi sahihi. Pakiti ya kitendanishi ifunguliwe wakati wa kupima tu, kwa kuwa unyevu huharibu protini zilizobebwa na chembe. Tarehe ya mwisho wa matumizi ikaguliwe. Majibu yasomwe ndani ya muda ulioelekezwa na mtengenezaji. Mstari wa uthibitisho usipojitokeza, kipimo hicho ni batili na mgonjwa apimwe upya kwa kitendanishi kingine. Aidha, mwenye majibu hasi ambaye homa yake inaendelea arudi kituoni, kwani si kila homa ni malaria, na si kila malaria huonekana kwa kipimo cha kwanza.